Simba 2024/25: sare tatu zilizotunyima ubingwa, na tunachotakiwa kusajili

Mleta uzi

Wanasimba wenzangu, kwanza poleni. Juni 25, 2025, siku tuliyofungwa na Yanga tukakosa ubingwa, imepita lakini najua wengi wenu bado haijawatoka kifuani, hata mimi. Nilikaa siku kadhaa bila kusikiliza habari zozote za mpira. Nilipotulia nikachukua karatasi nikaandika mechi zetu zote 30 za ligi, moja baada ya nyingine, na matokeo yake. Nilichokiona ndicho kilichonileta hapa. Kila ninapopita nakuta watu wanalilia mshambuliaji mpya, na mimi naamini tunatafuta dawa ya ugonjwa usio wetu.

Tazameni wenyewe. Tumeshinda 25, tumetoka sare 3, tumefungwa 2. Pointi 78. Vipigo vyote viwili ni vya watani: 1-0 Oktoba 2024 na 2-0 siku ya mwisho. Maana yake katika timu nyingine 14 za ligi hii hakuna hata moja iliyotufunga msimu mzima. Yanga wao walifungwa na Azam na Tabora United, wakatoa sare moja, wakamaliza na 82.

Sasa njooni kwenye zile sare tatu. Coastal Union 2-2: tulikuwa mbele 2-0. Fountain Gate 1-1 kule Babati: tulikuwa mbele 1-0 kwa bao la Ateba. Azam 2-2: tulikuwa mbele 2-1, Sereri akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache. Zote tatu tulikuwa tunaongoza! Hatukukosa bao la ushindi hata mara moja. Bao la ushindi tulikuwa nalo mkononi, tukaliachia.

Pigeni hesabu. Pointi sita zimeyeyuka hapo. Tungezipata, tungeingia kwenye mechi ya Juni 25 tukiwa na 84 na wao 79, ubingwa ukiwa tayari upo Msimbazi. Lakini tuliingia tukiwa na 78 kwa 79, wao sare inawatosha, sisi lazima tushinde. Presha ile yote tulijitengenezea wenyewe kuanzia Oktoba.

Kwa hiyo nawapima wachezaji wetu kwa swali moja tu: tukiwa mbele kwa bao moja na zimebaki dakika ishirini, nani anatusaidia kufika salama?

Kipa. Moussa Camara ametubeba, hilo halina mjadala. Usiku wa Al Masry kwa Mkapa, tumerudisha 2-0 tuliyofungwa kwao, tukaenda kwenye matuta, na mikono yake ndiyo iliyotupeleka nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mtu wa namna hiyo humwachii. Ila Camara anapenda kutoka golini na kucheza kama beki wa tatu, na mabeki wetu hawajamzoea vya kutosha. Lile bao la Babati nimelirudia mara nyingi. Winga wetu wenyewe, Chasambi, anageuka na mpira, anarudisha nyuma bila kuinua kichwa, kipa hayupo pale pasi inapoelekea, mpira unabingirika taratibu mpaka wavuni. Watu walimshambulia kijana wa watu mpaka nikamhurumia. Mimi naona mabeki wote na kipa walipaswa kuwa na makubaliano: tukiwa tunaongoza, pasi ya kurudi inakwenda upande gani wa goli. Hayo ni mambo ya uwanja wa mazoezi.

Mabeki wa kati. Hamza amekua sana msimu huu, na bao alilowafunga Azam lilistahili kuwa la ushindi. Che Malone ana nguvu, anacheza vizuri mipira ya juu. Wote wawili wanapenda kukaba kwa kwenda mbele. Ninachokikosa ni beki mzee wa kazi, mwenye sauti, wa kuwarudisha wenzake kwenye mstari pale kila mtu anapotaka kwenda kufunga la tatu.

Kiungo ndipo penye tatizo kubwa. Kagoma anakaba kwa moyo wote, anakimbia, anaingia kwenye kila mpira. Ngoma ana akili ya mpira na anajua kutawanya pasi. Debora na Okejepha kila mmoja ana siku zake. Lakini namba sita wa kuupoza mchezo, anayeomba mpira wakati wenzake wanaukimbia, anayejua lini apige pasi ya mita tano na lini achezewe faulo ili timu ipumue, huyo sisi hatuna. Nani wa kumpa mpira dakika ya 80 ukalala usingizi mzuri? Nimejiuliza mara nyingi, sijapata jina.

Mbele sina la kulalamika sana. Ahoua mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, na yeye ni kiungo! Mukwala na Ateba wote wamevuka mabao kumi. Mpanzu tangu aingie dirisha dogo ametupa winga ambaye beki mmoja hamtoshi. Kibu mtu wa mechi kubwa, waulizeni Sfaxien ya Tunisia. Timu yenye mbele hii haishindwi ubingwa kwa kukosa mfungaji.

Karibuni tujadili. Ila tafadhali tujadili mpira, si viongozi.

Mchangiaji wa 2

Mkuu umenifungua macho. Sikuwahi kugundua kwamba sare zote tatu tulikuwa tunaongoza. Ongeza na ya Constantine kule Algeria kwenye makundi: Zimbwe alitutanguliza, kipindi cha pili kilipoanza tu tukapigwa mbili za haraka haraka, mechi ikaisha 2-1. Ugonjwa ule ule.

Mchangiaji wa 3

Mleta uzi nakuheshimu, lakini hapo kwenye safu ya mbele sikubaliani nawe hata kidogo.

Msimu huu tumekutana na Yanga mara tatu: Ngao ya Jamii, ligi mzunguko wa kwanza, ligi mzunguko wa pili. Tumefunga mabao mangapi? Sifuri. Dakika 270 za mechi zinazoamua kila kitu katika nchi hii hatujagusa nyavu zao. Fainali ya Shirikisho na Berkane, kwao Morocco, pia sifuri. Mabao ya Ahoua, kadhaa ni penati. Mukwala alipiga hat-trick kwa Coastal pale Arusha, nikashangilia kama wewe. Lakini mshambuliaji wa Simba hapimwi kwa Coastal, anapimwa siku ile beki yuko mgongoni, nafasi inakuja moja, na uwanja mzima umesimama.

Mimi nataka namba tisa wa nafasi moja. Mpe nusu nafasi, afunge. Tukimpata huyo hutahitaji kulinda uongozi wa bao moja kwa dakika ishirini, kwa sababu utakuwa mbele kwa mawili.

Mchangiaji wa 4

Nyote mnasahau umri. Kapombe yupo hapa tangu 2017, Zimbwe tangu 2014. Watu hawa wametupa kila kitu, na wote ni wa kuandikiwa historia klabuni. Ila miaka yote hiyo tunawachezesha wiki baada ya wiki, ligi na CAF, safari ndefu, halafu dakika ya 70 tunataka wapande na kushuka kama vijana wa miaka ishirini. Uchovu wa mabeki wa pembeni ndio unaofungua mlango. Winga wa upinzani akishaona beki amechelewa kurudi hata hatua mbili, ndipo krosi zinapoanza.

Na hapa tusajili wazawa. Kwa kanuni za 2024/25 nafasi za wageni ni 12 tu. Ukizitumia kwa mabeki wa pembeni utakosa za kiungo na mbele. Kuna vijana kwenye timu za mikoani wanacheza beki wa kushoto vizuri kabisa, wanahitaji tu mtu wa kuwaamini na msimu mmoja wa kujifunza nyuma ya nahodha Zimbwe.

Mchangiaji wa 5

Mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, nimepita kwa heshima, msinifukuze. Kwa mtu anayewatazama kutoka upande wa pili, nawaambia jambo moja. Mechi ya Juni 25 mpaka saa nzima inapita ilikuwa 0-0, na mlikuwa mnacheza. Penati ya Pacome ilipoingia, timu yenu ilikatika vipande viwili. Washambuliaji wakabaki mbele wanadai mpira, mabeki wakabaki nyuma wanaogopa kaunta, katikati pakabaki uwanja mtupu. Mzize alipofunga la pili wala hatukushangaa. Mleta uzi yuko sahihi: hamna mtu wa katikati wa kuwashikanisha.

Mleta uzi

Karibu sana mtani, mchango wa maana huo na nimeuchukua.

Mchangiaji wa 3, hoja yako ya mabao sifuri kwa mechi tatu imenikaa. Nilipoandika sikuipa uzito unaostahili, nakiri. Lakini nikuulize: katika mechi hizo, washambuliaji wetu walipata nafasi ngapi za wazi wakazikosa? Mimi ninachokumbuka ni Mukwala au Ateba amekaa kati ya mabeki wawili, anarukia mipira mirefu, akigeuka hakuna mtu karibu. Mlete namba tisa yeyote umpendaye, ukimlisha mipira ya aina ile atakuwa mtalii. Namba sita mtulivu hatusaidii kulinda tu. Huyo ndiye anayeanzisha shambulizi. Akipokea mpira akageuka na uso kwa lango la wapinzani, Ahoua anapata sekunde mbili za ziada, na Ahoua mwenye sekunde mbili ni hatari.

Kwa hiyo labda mimi na wewe tunazungumzia shimo lile lile, wewe umesimama mbele yake, mimi nimesimama nyuma yake.

Mchangiaji wa 4, kuhusu Kapombe na Zimbwe nakuunga mkono kwa asilimia zote. Wasiondoke. Wapate wa kuwapumzisha.

Mchangiaji wa 6

Jamani mbona hamjagusa Berkane? Kombe la Shirikisho ndilo linaloniuma mimi kuliko ligi. Tangu ile fainali ya CAF ya 1993 na Stella ya Abidjan, 0-0 kwao halafu tukafungwa 2-0 hapa nyumbani, baba yangu alikuwa ananisimulia kila mwaka. Miaka 32 baadaye tumefika fainali nyingine. Watu waliotuita Mwakarobo kwa sababu ya kuishia robo fainali mara kwa mara, Mazembe, Kaizer, Pirates, Wydad, Ahly, wakanyamaza. Halafu dakika ya 14 kule Morocco tumeshafungwa mbili.

Nilivuka na boti kwenda Unguja kwa mechi ya marudiano. Mutale alipofunga dakika ya 17 Amaan nzima ilitetemeka, mzee mmoja nisiyemjua alinikumbatia akalia begani kwangu. Tukaamini kabisa. Ikaja kadi nyekundu ya Kagoma kipindi cha pili kikiwa kibichi. Mukwala akafunga, VAR ikakataa. Wale wakasawazisha dakika za nyongeza. Nilirudi na boti ya asubuhi, watu mamia na hakuna aliyekuwa anaongea.

Sasa mleta uzi, kwenye hesabu yako ya kulinda uongozi, ile 1-1 ya Amaan unaiweka wapi?

Mleta uzi

Ndugu yangu pole. Hiyo ya Amaan siiweki kwenye hesabu yangu. Tulikuwa kumi uwanjani, tunahitaji bao moja tu tuende kwenye matuta, lazima timu ipande. Ukipanda ukiwa kumi unaacha nyuma wazi. Bao lile la mwisho siwezi kumlaumu nalo mtu yeyote aliyekuwa amevaa jezi nyekundu siku ile.

Fainali tuliipoteza katika zile dakika 14 za Berkane, na zile zinafanana na ugonjwa wetu kwa upande mwingine. Timu inayoshindwa kuupoza mchezo ikiwa mbele, inashindwa pia kuupoza mchezo ukiwa umechemka mwanzoni ugenini. Uwanja unapiga kelele, wenyeji wanakuja kwa kasi, unachohitaji ni dakika kumi za mpira wa hovyo: faulo katikati, kipa anachelewa kupiga, pasi tatu za kwenda pembeni, mpira nje. Mchezo ukishapoa, ndipo na wewe unaanza kucheza. Sisi tulianza kama tuko nyumbani. Ile kadi ya Kagoma pia naiona hivyo hivyo. Unampa kijana mmoja kazi ya watu wawili katikati, lazima siku moja atachelewa.

Mchangiaji wa 7

Lakini Durban je? Stellenbosch nusu fainali, tuna uongozi wa bao moja la faulo ya Ahoua, tumekwenda kwao, dakika 90, 0-0. Si tulilinda pale? Kwa hiyo timu inaweza. Tatizo si wachezaji.

Mchangiaji wa 8

Naomba nijibu hilo la Durban, maana ninafundisha timu ya vijana na tatizo hili naliishi kila Jumamosi.

Kulinda uongozi kuna aina mbili. Ya kwanza ni ile ya Durban: umeingia uwanjani ukijua tangu dakika ya kwanza kazi ni kulinda. Kila mchezaji amepangwa hivyo, akili iko hivyo, mabeki wa pembeni hawapandi ovyo. Hiyo karibu timu yoyote yenye nidhamu inaiweza. Ya pili ni ngumu zaidi. Umeanza mechi unashambulia, umefunga, bado una kasi, halafu katikati ya mchezo unatakiwa ubadilike. Coastal, Fountain Gate na Azam zote ni za aina hii ya pili.

Kubadilika huko kunaanzia kwenye umbali. Timu ikiwa inashambulia, kati ya mshambuliaji wa mwisho na beki wa mwisho panaweza kuwa mita 50 na si tatizo, kwa sababu mpira uko kule nusu ya wapinzani. Ukitaka kulinda, umbali ule lazima upungue mpaka mita 30 hivi. Nani anaupunguza? Ndio hapo panapokuwa na utata. Mabeki wakirudi nyuma peke yao, unapata lile shimo alilolisema mtani. Mbele lazima warudi pia, na wote kwa wakati mmoja, kwa amri ya mtu mmoja aliye katikati.

Kitu cha pili ni mpira wa pili. Timu inayodaiwa bao itapiga mipira mirefu. Beki wako wa kati ataucheza kwa kichwa, sawa, lakini unaangukia wapi? Mara nyingi hatua kumi mbele ya boksi. Ukimtazama namba sita mzuri, hata hautazami ule mpira wa kichwa. Ameshakwenda kusimama pale utakapoanguka. Kagoma anaufuata mpira, na hilo ni la umri, litarekebishika.

Na la tatu ni mabadiliko. Ukiwa mbele kwa bao moja, ukimtoa winga aliyechoka ukaingiza beki, unawaambia wapinzani waje. Mara nyingi nafuu ni kuingiza winga mwingine mwenye kasi akae pembeni kabisa, ili beki wao wa pembeni aogope kupanda. Chasambi kwa kasi yake anafaa sana kwa kazi hiyo, mradi asipewe majukumu ya kukaba karibu na goli letu.

Mimi vijana wangu nawapa zoezi moja. Timu ya njano inaongoza 1-0, ina watu tisa, nyekundu wana kumi na moja, dakika ni kumi. Njano wakifika mwisho bila kufungwa wanashinda. Wiki za kwanza walikuwa wanabutua tu mipira mbele, na kila mpira unarudi baada ya sekunde tano. Baada ya miezi miwili kuna kijana mmoja, mfupi, hana kasi, alianza kuuomba mpira akiwa amezungukwa. Anaukanyaga, anageuka, anasukumwa, faulo. Sekunde thelathini zimekwenda. Wenzake wakajua: tukibanwa, tumtafute yule.

Mchangiaji wa 3

Mwalimu umeniweka sawa. Bado namtaka namba tisa wangu, lakini sasa ningeanza na huyo mfupi wako asiye na kasi.

Mchangiaji wa 9

Naomba mnisaidie kumsemea Chasambi, maana tangu Babati kila akigusa mpira watu wanaguna. Kijana mzawa, ana ujasiri wa kumkabili beki, ana mguu. Mchezaji akishaanza kuogopa mashabiki wake, atapiga pasi ya usalama kila mara, na pasi ya usalama ndiyo iliyomponza siku ile. Tukimzomea tunazalisha kosa lile lile.

Mleta uzi

Mwalimu, asante sana. Uzi huu ungeishia kwenye mchango wako ningeridhika. Ile tofauti ya aina mbili za kulinda ndiyo niliyokuwa naihisi na sikuwa na maneno yake.

Basi baada ya kuwasikiliza nimebadilisha karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika namba sita mmoja na beki mmoja wa kati. Sasa nimeandika hivi: namba sita mtulivu, na hapa tutumie nafasi ya mgeni bila kubana mkono, mtu aliyekwisha kucheza CAF, hata akiwa na miaka 30. Beki wa kushoto na wa kulia wazawa, vijana, wa kukaa chini ya Zimbwe na Kapombe. Beki wa kati mwenye sauti. Mshambuliaji nimemwacha mwisho, kwa ajili ya mchangiaji wa 3, ikiwa pesa itabaki. Ahoua, Camara na Mpanzu wasiguswe na mtu.

Na kwa Fadlu, kocha ametufikisha fainali katika msimu wake wa kwanza akiwa na kikosi kilichosukwa upya karibu chote. Ninachomwomba ni zoezi lile la njano na nyekundu, kuanzia siku ya kwanza ya maandalizi. Camara akiwa golini, Chasambi akiwemo kwenye njano.